Kati ya Uwakili na Wasia: Sheria na Uhuru wa Mzee Aliyepoteza Kumbukumbu

Lugha ya Kiswahili ina maneno mawili yaliyozoeleka kwa mtu anayetaka neno lake litekelezwe mahali asipokuwapo mwenyewe. La kwanza ni wakili, yaani mtu aliyepewa na mwenzake mamlaka ya kununua, kuuza, kudai, kuozesha au kutetea kwa niaba yake. La pili ni wasia, ambao baadhi ya watu huuita usia: neno la mwisho la mtu juu ya mali yake na watu wake, litakalofanya kazi atakapokuwa amefariki. Yote mawili yametoka katika Kiarabu. Uwakili humtumikia mtu aliye hai na mwenye akili timamu. Wasia humtumikia mtu aliyekwisha kuzikwa. Kati ya hali hizo mbili iko hali ya tatu: mzee aliye hai, anayekula na kulala nyumbani kwake, lakini hawatambui tena watoto wake wala hajui thamani ya fedha iliyo mkononi mwake. Kwa mamlaka ambayo mtu angeweza kuyaandaa mapema kwa ajili ya hali hiyo, Kiswahili hakina neno moja lililokubaliwa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba pengo hilo si upungufu wa Kiswahili peke yake. Sheria zenyewe, za Kiislamu, za Kiingereza na za Kifaransa, ziliacha pengo hilo hilo kwa karne nyingi. Nchi zilizoliziba kwa sheria maalumu zilianza kufanya hivyo katika nusu ya pili ya karne ya 20, na sheria ya Kongo bado haijaliziba.

Swali lenyewe ni la kale. Cicero, mwandishi wa Kirumi, katika kitabu chake juu ya uzee, anasimulia habari ya Sophocles, mtunzi wa tamthilia wa Athens aliyefariki karibu na mwaka 406 K.K. akiwa na miaka takriban tisini. Wanawe walimshtaki mbele ya mahakimu wakidai kwamba amepungukiwa na akili na hafai tena kusimamia mali ya nyumba. Mzee hakujitetea kwa hoja za sheria. Aliwasomea mahakimu tamthilia aliyokuwa ameitunga karibuni, ile ya Oedipus huko Colonus, kisha akawauliza kama hiyo ilionekana kuwa kazi ya mpumbavu. Wakamwachilia. Habari hii husimuliwa mara nyingi kwa ajili ya kumsifu mtunzi, na ni haki yake. Lakini mwanahistoria wa sheria ataona jambo lingine ndani yake. Walioleta mashtaka ni warithi. Mzee ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba bado ni mtu mzima. Na kama siku ile angekuwa kweli amesahau mistari yake, hakuna aliyekuwa na sababu ya kumwuliza angependa nani amsimamie: jibu lilikuwa limekwisha kuandaliwa na wale wale walioshtaki.

Huko Roma jibu hilo liliandikwa waziwazi. Sheria za Vibao Kumi na Viwili, zilizotungwa karibu na mwaka 450 K.K., ziliamuru kwamba mtu akipatwa na wazimu, mamlaka juu yake na juu ya mali yake yawe ya ndugu zake wa upande wa baba, na wakikosekana hao, ya watu wa ukoo wake. Hao ndio waliokuwa warithi wake endapo hakuacha watoto wala wasia. Mantiki ya sheria hiyo ni rahisi kueleweka kwa msomaji wa Kiafrika: mali ni ya ukoo, mtu ni mpitaji tu, na akili yake ikiondoka, mali inarudi mikononi mwa wenyewe. Ulinzi uliokusudiwa ulikuwa wa mali kuliko wa mtu.

Sheria ya Kiislamu, ambayo ndiyo iliyotupa msamiati huu, ilikwenda mbali zaidi katika kufikiri juu ya heshima ya mtu mzima. Abu Hanifa, imamu wa Kufa aliyefariki mwaka 767, alikataa kwamba mtu huru, aliyebaleghe na mwenye akili, aweze kuzuiliwa asitumie mali yake kwa sababu tu anaifuja. Hoja yake ilikuwa kwamba kumnyang'anya mtu uwezo wa kusema neno juu ya mali yake ni kumwondolea utu, na hasara hiyo ni kubwa kuliko hasara ya fedha. Wanafunzi wake wawili wakuu, Abu Yusuf na Muhammad al-Shaybani, hawakukubaliana naye, na madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika ya Mashariki, yanaruhusu zuio hilo. Hata hivyo, yafaa kukumbuka kwamba mjadala juu ya uhuru wa mtu mzima ulikuwa umekwisha kufikia kina hicho katika karne ya 8.

Lakini juu ya wakili, mafundisho ya fikihi hayana huruma. Wakili husema kwa kinywa cha mwenziwe. Kwa hiyo aliyemweka akifariki, au akipatwa na wazimu, uwakili umekwisha papo hapo, maana kinywa chenyewe hakipo tena. Wasia nao haukusaidii ungali hai: unangoja kifo, na hata hapo hauwezi kupita theluthi moja ya mali ila kwa ridhaa ya warithi. Kuna hata cheo cha wasii, mtu anayeteuliwa na mzazi awatunze watoto wake wadogo na mali yao baada yake. Hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Baba aliruhusiwa kumchagulia mtoto wake mlezi, lakini hakupewa njia ya kujichagulia mwenyewe mlezi wa siku zake za ukongwe. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia binti yake utenzi wa wasia mnamo mwaka 1858 akiwa mgonjwa, aliweza kuagiza jinsi binti atakavyoishi. Neno wasia lilitosha kwa mashauri ya mama, kama lilivyotosha kwa mgawanyo wa mali. Kwa uendeshaji wa maisha ya mama mwenyewe endapo akili ingetangulia kuondoka, halikuwa na la kusema.

Njia ya tatu, iliyofika Kongo kupitia Ubelgiji, ni ile ya Kitabu cha Sheria za Madai cha Napoleon cha mwaka 1804. Sehemu yake juu ya watu wazima waliopungukiwa na akili yastahili kusomwa kwa makini, kwa sababu karibu kila neno lake liliacha alama. Kifungu cha 489 kiliagiza kwamba mtu mzima aliye katika hali ya kudumu ya upumbavu, wazimu au ukichaa, lazima azuiliwe kwa hukumu ya mahakama, hata kama hupata vipindi vya kupambazukiwa. Ndugu yeyote wa damu aliruhusiwa kuomba zuio hilo, na vilevile mume au mke. Baraza la jamaa lilitoa maoni yake, na mahakimu walimhoji mhusika mwenyewe faraghani. Watunga sheria hawakuwa watoto wadogo: walijua vizuri kisa cha wana wa Sophocles, au kisa kingine kinachofanana nacho, kwa maana walikataza wale walioomba zuio wasiingie katika baraza la jamaa. Zuio likisha kutamkwa, kifungu cha 509 kilimaliza kazi kwa sentensi moja: aliyezuiliwa huhesabiwa kama mtoto mdogo, kwa nafsi yake na kwa mali yake. Tunaposema kwamba mzee fulani amerudi utotoni, twasema kwa masikitiko au kwa utani. Sheria ya 1804 ilisema neno hilo hilo kama amri.

Je, mzee aliyekuwa na busara ya kumweka wakili mapema alipata faida gani? Hapa ndipo sheria ya Kifaransa inapotofautiana na fikihi, na tofauti yenyewe ni ndogo kwa maandishi lakini kubwa kwa maisha. Kifungu cha 2003 kilitaja mambo yanayouvunja uwakili: kuondolewa kwa wakili, kujiuzulu kwake, kifo, kufilisika, na zuio la aliyemweka au la wakili mwenyewe. Kilichotajwa ni zuio. Wazimu wenyewe haukutajwa. Maana yake ni kwamba akili ya mzee yaweza kuondoka Januari, na hati ya uwakili ikaendelea kutembea mjini mpaka Desemba, au kwa miaka kumi, mradi tu hakuna aliyekwenda mahakamani. Katika muda huo wakili hana bwana. Hakuna wa kumwuliza hesabu, kwa sababu aliyepaswa kuuliza hajui tena kama kuna hesabu. Kwa upande mwingine, wakili aliye mwaminifu, aliyechaguliwa na mzee akiwa na akili zake zote, pengine kwa sababu mzee hakuwaamini jamaa zake, aweza kuondolewa siku moja na jamaa hao hao: wanachohitaji ni kuomba zuio. Hukumu ikitoka, uwakili umekufa, na mlezi anateuliwa upya bila mahakama kufungwa na chaguo la mzee. Kwa hiyo hati ile inamlinda mwizi wakati isipofaa kumlinda, nayo inamwangusha mwaminifu wakati anapohitajika. Ni vigumu kubuni chombo kibaya zaidi kwa ajili ya uzee.

Waingereza na Wamarekani, ambao sheria yao ya mapokeo ilifanana na fikihi katika jambo hili, walikuwa wa kwanza kuchoka. Kwao pia uwakili ulikufa pamoja na akili ya aliyeutoa. Katika maisha ya kila siku kanuni hiyo haikufuatwa sana: watoto waliendelea kutia sahihi katika benki kwa niaba ya wazazi wao, wengine bila kujua kwamba karatasi waliyoishika ilikuwa imekwisha kufa. Jimbo la Virginia lilitunga sheria katika miaka ya 1950 iliyoruhusu mtu kuandika katika hati yake kwamba uwakili utaendelea hata akipoteza uwezo wa akili. Wazo hilo likaingizwa mwaka 1969 katika sheria ya mfano juu ya mirathi iliyopendekezwa kwa majimbo yote ya Marekani, nayo majimbo yakafuata moja baada ya jingine. Huko Uingereza, tume ya kurekebisha sheria ilitoa taarifa yake juu ya jambo hili mwaka 1983, na Bunge likapitisha sheria mwaka 1985. Tofauti na Wamarekani, Waingereza walidai hati iandikishwe mahakamani mara mwenyewe anapoanza kupungukiwa, na jamaa wa karibu wapewe taarifa. Sheria hiyo ilihusu mali tu. Sheria nyingine ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika Oktoba 2007, iliongeza mambo ya matibabu na ya makazi: nani ataamua mzee aishi wapi, na kama akubali kupasuliwa au la.

Mambo ya hospitali yalikuwa na historia yake ya pembeni. Mwaka 1969 Luis Kutner, mwanasheria wa Chicago, alipendekeza hati ambayo mtu ataandika ndani yake matibabu asiyoyataka endapo hataweza tena kusema, na California ikaipa hati ya namna hiyo nguvu ya sheria mwaka 1976. Hati hiyo yasimulia mapenzi ya mtu lakini haimtaji wa kuyatetea, na karatasi pekee haiwezi kubishana na daktari.

Kwa msomaji wa Kongo, yanayofundisha zaidi ni yale yaliyotokea katika nchi zinazofuata sheria ya mapokeo ya Kirumi na Kifaransa. Ujerumani ilikuwa na bahati ya mapema: kitabu chake cha sheria za madai, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 1900, kilisema kwamba panapokuwa na shaka uwakili hauvunjwi na kifo wala na kupotea kwa uwezo wa aliyeutoa. Hata hivyo, zuio la kisheria liliendelea huko mpaka tarehe 1 Januari 1992, lilipofutwa na sheria mpya. Tangu hapo mahakama ya Kijerumani haimteui msimamizi wa mtu mzima ikiwa wakili aliyechaguliwa na mwenyewe anatosha kwa kazi hiyo.

Québec ndiyo iliyotengeneza daraja. Jimbo hilo la Kanada hufuata sheria za madai zenye asili ya Kifaransa, huku limezungukwa na majimbo ya sheria ya Kiingereza. Mwaka 1990 liliweka uwakili wa namna mpya, uliotayarishwa kwa ajili ya siku ya kutojiweza. Unaandikwa mbele ya notari, au mbele ya mashahidi wawili. Unaweza kuhusu mali na pia nafsi. Nao haufanyi kazi yoyote mpaka mahakama iwe imethibitisha, kwa ripoti ya daktari na ya mtaalamu wa mambo ya jamii, kwamba siku ile imefika. Kwa ufupi, uwakili huu una tabia ya wasia: unaandikwa leo na kulala. Lakini una tabia ya uwakili pia, kwa kuwa unamtumikia mtu aliye hai. Pengo lile kati ya maneno yetu mawili limejazwa hapo kwa chombo kimoja.

Ufaransa, iliyokuwa imefuta zuio la 1804 kwa sheria ya tarehe 3 Januari 1968 na kuweka ngazi kadhaa za ulinzi badala yake, ilichukua hatua hii kwa sheria ya tarehe 5 Machi 2007, iliyoanza kutumika mwanzoni mwa 2009. Wafaransa hawakudai hukumu ya jaji ili uwakili uamke. Inatosha wakili kupeleka kwa karani wa mahakama hati yenyewe pamoja na cheti cha daktari aliye katika orodha ya mwendesha mashtaka. Waliweka tofauti nyingine ya maana: hati iliyoandikwa bila notari huruhusu kutunza mali na kuiendesha, lakini kuuza nyumba kwahitaji ama hati ya notari ama idhini ya jaji. Ubelgiji ilifuata kwa sheria ya tarehe 17 Machi 2013, iliyoanza kutumika Septemba 2014. Huko uwakili huendelea baada ya akili kupotea kwa sharti kwamba uwe umeandikishwa katika daftari kuu linalotunzwa na chama cha manotari. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyofuta zuio la Napoleon katika nchi iliyolileta Kongo.

Na Kongo yenyewe? Sheria ya mikataba, pamoja na sura yake juu ya uwakili, inatokana na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, wakati wa Dola Huru ya Leopold II, nayo imefuata nyayo za kitabu cha Kifaransa na Kibelgiji. Dekreti ya tarehe 4 Mei 1895 ilihusu watu na uwezo wao wa kisheria. Lakini Mwafrika wa kawaida hakuguswa sana na maandishi hayo, kwa kuwa aliachwa chini ya mila za kwao. Ni Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 iliyowaweka Wakongo wote chini ya kanuni moja. Kifungu chake cha 215 kinawataja wasio na uwezo wa kisheria: watoto, watu wazima waliozuiliwa kwa sababu ya wazimu, na watu wazima wenye akili dhaifu, wafujaji, na waliodhoofishwa na umri au na maradhi, ambao wamewekwa chini ya msaidizi wa kisheria. Umri umetajwa kwa jina lake. Watunga sheria wa 1987 walimwona mzee. Walimwona, hata hivyo, kwa macho ya 1804: kama mtu atakayetafutiwa msimamizi na wengine, si kama mtu aliyejitafutia mapema.

Marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016 yalielekea kwingine, na kwa sababu nzuri. Mpaka mwaka huo mke aliyeolewa alihitaji idhini ya mume kwa matendo ya kisheria yanayomfunga. Bibi wa miaka sabini, aliyezaa na kulea na kufanya biashara sokoni kwa nusu karne, alikuwa bado chini ya idhini. Kuondolewa kwa sharti hilo ni hatua kubwa katika historia ya uhuru wa wazee kuliko inavyosemwa kwa kawaida, kwani sehemu kubwa ya wazee ni wanawake. Lakini uwakili wa siku za kutojiweza haukuingizwa.

Msomaji ataweza kusema kwamba jambo hili ni la Wazungu, kwa sababu mzee wa Kiafrika ana jamaa, na penye wazee haliharibiki neno. Jibu lapatikana katika historia ya miji yetu wenyewe. Maadamu mali kubwa ilikuwa shamba la ukoo, kupotea kwa akili ya mtu mmoja hakukubadili umiliki wa kitu. Mjini mambo ni mengine. Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ilianzishwa mwaka 1910, na mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière ilianza kuwatuliza wafanyakazi wake kambini pamoja na wake zao na watoto. Nyumba ilikuwa ya kampuni, si ya mfanyakazi, na kwa fikra za wakati ule mzee akiacha kazi angerudi kijijini. Wengi hawakurudi. Baadaye wakanunua au wakajenga nyumba, na nyumba hizo, chini ya sheria ya tarehe 20 Julai 1973, zina cheti chenye jina la mtu. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, wakiwa na fedha ya mara moja mkononi. Waliokuwa watu wazima mwaka ule leo ni wazee, na kwa wengi nyumba ndiyo mali pekee iliyobaki.

Nyumba yenye jina la mtu mmoja haina budi kuwa na watu wawili au watatu wanaoitazama. Katika Katanga, ambako wanakaa pamoja watu wa makabila yanayorithi kwa upande wa mama na wale wanaorithi kwa upande wa baba, wapwa na watoto hawana hesabu moja. Sheria ya 1987 iliwapa watoto robo tatu ya urithi, ikawaachia mwenzi, wazazi na ndugu wa marehemu robo iliyobaki; lakini hiyo ni baada ya kifo. Mzee akiwa hai na hajitambui, mgawanyo huo haujaanza, na nyumba yaweza kuuzwa kwa hati ya uwakili iliyotiwa sahihi miaka mingi iliyopita kwa shughuli nyingine kabisa, kama vile kupokea malipo ya uzeeni. Ni kweli pia kwamba jamaa si adui. Mzee mara nyingi hana mwingine wa kumwosha na kumlisha. Ila sheria haitungwi kwa ajili ya nyumba yenye amani. Na katika nchi ambayo mzee aliyechoka huweza kuitwa mchawi na watu wanaoitamani nyumba yake, kusema kwamba jamaa watatosha ni kusema nusu ya jambo.

Bara la Afrika limekwisha kulikubali wazo hili kwa maandishi. Itifaki ya Umoja wa Afrika juu ya haki za wazee, iliyopitishwa Addis Ababa mwezi Januari 2016 na kuanza kutumika Novemba 2024, inatambua haki ya mzee kuamua mambo yake bila kuingiliwa, na haki ya kumteua mtu ampendaye atekeleze matakwa na maagizo yake. Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 nayo, katika kifungu cha 49, yawapa wazee haki ya hatua maalumu za ulinzi.

Yabaki mambo mawili, la lugha na la utaratibu. Katika lugha, kufuata maneno ya Kimarekani na kusema uwakili wa kudumu si vibaya, lakini hakutoshi, kwa sababu sifa ya chombo hiki si kudumu tu: ni kungoja. Mfumo wa Québec waelezwa vizuri zaidi na jina uwakili wa akiba. Msemaji wa Kiswahili ajuaye kwamba akiba haiozi ataelewa bila kufundishwa kwamba mamlaka hayo yamewekwa kando na mwenye mali, yakiwa bado yake, na kwamba hayaguswi mpaka siku ya haja. Neno zuio nalo laweza kubaki kwa lile la zamani, ili tofauti isikike: la kwanza mtu hujiwekea, la pili huwekewa.

Utaratibu ni mgumu zaidi. Mahakama ya Québec au karani wa Kifaransa mwenye orodha ya madaktari si vitu vinavyopatikana Kasenga au Kongolo kila siku ya juma, na daftari kuu la manotari la Kibelgiji ladai mtandao wa ofisi. Hata hivyo, Sheria ya Familia yenyewe ina mfano ulio karibu. Inakubali wasia wa aina tatu: ulioandikwa mbele ya ofisa mwenye mamlaka, ulioandikwa kwa mkono wa mwenyewe, na ule wa mdomo, ambao mtu anayeona kifo mbele yake huutamka mbele ya mashahidi wawili watu wazima. Sheria iliyowaamini mashahidi wawili wapokee neno la mtu anayekata roho bado haijasema kwa nini isiwaamini, pamoja na ofisa wa kuandika, wapokee neno la mtu aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe.